Mshale unakataa kwenda unapoutuma? Iache saiti kwanza

Nilishawahi kupoteza jioni tatu nzima nazungusha skrubu za saiti (kile kifaa cha kulengea kwenye upinde). Kushoto kidogo, juu kidogo, narudi mita 30, napiga mishale mitatu inakaa pamoja vizuri tu, wa nne unaenda pembeni kiganja kizima. Nazungusha tena. Jioni ya tatu ndo nikachoka nikakaa chini, nikaushika ule mshale mkorofi, nikasimamisha ncha yake juu ya ubao na kuuzungusha kwa vidole kama pia, na kumbe pale kichwa cha mshale (kigumba) kinapoungana na uti (ile fimbo yenyewe) panacheza, panachora kaduara kadogo badala ya kutulia. Saiti haikuwa na kosa lolote, nilikuwa naitesa bure.

Kwahiyo hapa naandika kwa kufuata dalili, unachokiona ndo unaanzia hapo. Mambo mawili kabla hatujaenda mbali. Kwanza badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja alafu piga, ukibadilisha viwili hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Pili, kila nikisema kushoto au kulia namaanisha mtu anayevuta ugwe (kamba ya upinde) kwa mkono wa kulia, wewe wa mashoto geuza.

Na namba mishale yako. Chukua kalamu ya wino usiofutika andika 1, 2, 3 kwenye manyoya. Bila namba utatafuta mchawi mwezi mzima.

Mishale ya mazoezi inapiga vizuri, ukifunga vigumba vya makali inahama

Hii ndo dalili inayoleta watu wengi kwenye kulalamika, alafu wengi wanaisuluhisha vibaya, wanahamisha saiti ifuate vigumba vya makali basi. Usifanye hivo, utakuwa umeficha ugonjwa tu.

Iko hivi. Kigumba cha mazoezi ni kama risasi, ni duara, upepo unakipita bila kukigusa sana, hata mshale ukitoka kwenye upinde umekaa upande kidogo manyoya ya nyuma yanauvuta unanyooka. Kigumba cha makali kina mabapa, na yale mabapa ni mabawa, yako mbele ya mshale. Mshale ukitoka umepinda hata kidogo yale mabawa ya mbele yanashika upepo na kuanza kuuongoza, manyoya nyuma yanavuta huku, makali mbele yanavuta kule, anayeshinda ndo anaamua uende wapi. Kwahiyo kigumba cha makali hakijakuharibia kitu, kimekuambia tu ukweli ambao kile cha mazoezi kilikuwa kinausitiri.

Sasa angalia, je vile vya makali vinakaa pamoja lakini mahali pengine, au vimetawanyika ovyo? Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa.

Vikikaa pamoja mahali pengine, mishale yenyewe ni mizima, tatizo ni upinde na mshale havijakubaliana. Piga mitatu ya mazoezi na mitatu ya makali, nukta ileile, mita 20 kwanza, alafu sogeza resti (pale mshale unapolala) kuelekea upande unaotaka vya makali viende. Vya makali vimepiga kushoto kwa vya mazoezi, resti iende kulia. Vimepiga chini, resti ipande juu au ushushe kidogo sehemu ya kuchomekea mshale kwenye ugwe. Na ukisogeza sogeza kidogo sana, nusu milimita hivi, watu wanazungusha kama wanafunga tairi la gari. Piga tena. Vikishakutana mita 20 rudi 30, rudi 40 kama una uwezo wa kupiga umbali huo, kosa lililojificha karibu linajionyesha mbali. Makundi mawili yakishakuwa moja ndo SASA unagusa saiti, unahamisha kundi zima.

Ukisogeza resti mpaka inaonekana kabisa iko upande, mshale hautazami tena mbele sawasawa na upinde, simama hapo. Resti haina kosa, spaini (ugumu wa uti) ndo haifai, shuka chini kwenye sehemu ya spaini.

Vikitawanyika ovyo, kila kimoja na njia yake, acha upinde kabisa, shika mishale. Fanya ile ya kuzungusha juu ya ubao, mmoja baada ya mwingine. Jicho lako liwe pale kigumba kinapoungana na uti, patulie kimya. Pakicheza, kifungue kigumba hicho ukifunge kwenye mshale mwingine. Mchezo ukikifuata kigumba, kigumba kimepinda. Ukibaki kwenye mshale, basi ni ile insati, kipande cha chuma kinachogundishwa ndani ya uti ili kigumba kijisokote humo, imekaa upande au mdomo wa uti haukukatwa sawasawa. Dawa yake ni kusugua mdomo kwa msasa taratibu huku unazungusha uti, upake mstari wa kalamu kwenye ukingo uone wapi msasa umegusa na wapi haujagusa, wino ukiisha wote kwa pamoja umenyooka. Kazi ya dakika mbili kwa mshale, na mimi nikikuambia ndo kazi inayolipa kuliko zote utakazofanya naamini nakuambia ukweli.

Angalizo: vigumba vya makali vifunge kwa ule ufunguo wake, sio kwa vidole. Wembe haujui kwamba wewe ndo mwenyewe.

Mshale unatikisa mkia njiani

Ukiona mkia unapanda na kushuka kama pomboo anayeruka majini, tatizo liko kwenye urefu wa juu na chini, yaani pale unapochomeka mshale kwenye ugwe. Ukiona unatikisika kushoto kulia kama samaki, tatizo ni la upande, na hapo mara nyingi ni spaini, au mkono wako unaousokota upinde. Macho hayatoshi lakini, mshale una haraka, kwahiyo tunatumia karatasi.

Tafuta fremu yoyote, bandika karatasi kubwa ikazike, nyuma yake weka shabaha ya kuzuia mshale kwa umbali ambao mshale utapita wote kabla haujagonga. Simama mita 2 hivi, piga katikati ya karatasi, mshale uwe wa mazoezi wenye manyoya. Tundu la duara lenye alama za manyoya kulizunguka ni zuri. Mpasuko ni habari, ncha inaingia kwanza na kutoboa duara, mkia unafuata na kupasua, kwahiyo mpasuko unakwenda upande ambao mkia ulikuwepo.

Mkia juu: shusha sehemu ya kuchomekea kwenye ugwe, au pandisha resti. Mkia chini: kinyume chake. Ila mkia chini unaogoma kuondoka hata ukisogeza mara ngapi, au mkia juu wa namna hiyohiyo, shuku kwamba mshale unagonga kitu unapotoka. Nilikuwa na mpasuko wa namna hiyo, nikapandisha, nikashusha, hakuna kitu, mwisho nikaomba lipstiki ndani (maelezo yalichukua muda kidogo) nikapaka pembeni za manyoya, nikapiga, resti ikabaki na mstari mwekundu safi kabisa. Noki (kipande cha nyuma kinachoshika ugwe) nikaizungusha kidogo tu ili nyoya lipite penye nafasi, mpasuko ukaisha. Poda ya mtoto nayo inafanya kazi hiyo, na haihitaji kumuelezea mtu. Kama resti yako ni ile inayodondoka mshale ukitoka, hakikisha inadondoka mapema, ikichelewa nyoya linaikuta bado iko juu.

Mkia kushoto au kulia: hapa kwanza jichunguze mwenyewe. Ukiukaba mshikio kama unakaba mwizi, upinde unajisokota pale unapoachia, na karatasi itakuonyesha mpasuko ambao hakuna skrubu itauponya. Mshikio ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vingine vilegee, piga tano. Mipasuko ikiwa kila mmoja na upande wake basi ni mkono. Ikiwa yote inafanana basi ni kifaa, ndo unasogeza resti nusu milimita na kuangalia mpasuko unapungua au unaongezeka, ukiongezeka rudi ulikotoka uende upande wa pili.

Alafu usiamini karatasi ya umbali mmoja. Mshale ukitoka unapinda na kurudi, unapinda na kurudi, kwahiyo kuna umbali ambao utakuta umenyooka kwa bahati tu. Ukipata tundu zuri mita 2, rudi mita 4 upige tena.

Spaini, hapa tukae kidogo

Spaini ni ugumu wa uti wa mshale, unapinda kiasi gani. Inapimwa hivi, uti unalazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati unaning'inizwa uzito wa paundi 1.94, ambayo ni gramu 880, alafu wanapima umeshuka kiasi gani. Ukishuka nusu inchi ni 500. Ukishuka inchi 0.340 ni 340. Kwahiyo namba NDOGO ndo mshale MGUMU, watu wanachanganya hapa kila siku, wanaona 500 wanadhani ni jitu, kumbe ndo laini.

Lakini hiyo ni spaini ya kwenye nguzo. Kwenye upinde mambo ni mengine, kwa sababu ugwe unausukuma mshale kwa nyuma huku kigumba mbele kizito hakitaki kuondoka, katikati lazima mshale ujipinde. Ukiongeza nguvu ya upinde unapinda zaidi. Ukiongeza uzito wa kigumba unapinda zaidi. Mshale mrefu unapinda zaidi. Kwahiyo uti uleule wa 400 unaweza kuwa mgumu kwa rafiki yako na laini kwako, na ndo maana kununua kwa sababu jamaa anapiga vizuri nayo ni kujitafutia. Soma jedwali la watengenezaji wa hiyo mishale, weka paundi zako (nguvu ya kuvuta upinde), urefu wa mshale wako (urefu wa mshale, sio urefu wa kuvuta), na uzito wa kigumba utakachowindia, SIO cha mazoezi. Kwa kukadiria tu, upinde wa kompaundi (ule wenye magurudumu kwenye ncha) wa paundi 60 na mshale wa inchi 28 wenye kigumba cha greini 100 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) mara nyingi unaangukia 400, paundi 70 unaenda 340 au hata 300.

Utajuaje ni laini au ngumu? Kwa wanaoachia ugwe kwa vidole kuna njia nzuri sana, chukua mshale mmoja uliong'olewa manyoya, upige pamoja na wenye manyoya, mita 15 au 18. Usiokuwa na manyoya ukienda kulia kwa wenzake, uti ni laini. Ukienda kushoto, ni mgumu. Ukipiga juu ya wenzake, pandisha sehemu ya kuchomekea, ukipiga chini ishushe. Hili la juu na chini limalize kwanza ndo uhangaike na upande. Na kamwe usipige mshale usio na manyoya ukiwa umefungwa kigumba cha makali, hauna kitu cha kuunyoosha, utaenda unakojua wenyewe.

Mshale laini: punguza uzito wa kigumba, au punguza nguvu ya upinde kama wako unarekebishika, au kata uti ufupike. Kukata weka mwisho. Ulichokata hakirudi, na mimi nilishakata sita kwa mkupuo, robo inchi, robo inchi, nafurahia zinavyonyooka, kuja kufunga vigumba vya makali na kuvuta mpaka mwisho nikaona wembe umerudi karibu kabisa na vidole vya mkono ulioshika upinde. Sita zote zikaishia kuwa za kumfundishia mtoto. Acha angalau inchi moja ya uti mbele ya resti ukiwa umevuta mpaka mwisho.

Mshale mgumu: ongeza uzito mbele, toka greini 100 nenda 125. Hii ni nafuu na inageuzika, ndo maana mimi nikiwa kati ya namba mbili kwenye jedwali nachukua ile ngumu. Uti ulio laini kupita kiasi kwenye kompaundi yenye nguvu ni hatari pia, unaweza kuvunjika unapoachia.

Mmoja tu ndo mkorofi

Namba 4 kila siku pembeni, wengine wazima. Kwanza kaguwa noki, kile kipande cha nyuma chenye mfereji wa kushika ugwe. Imepasuka? Tupa, noki ikipasuka na kuachia ugwe ni sawa na kuachia upinde mtupu, upinde unaweza kuvunjika mkononi. Nzima? Izungushe robo ya duara upige tena, uti mwingi una upande mmoja mgumu kuliko mwingine, wakati mwingine unaingia kwenye kundi hapohapo kama vile haukuwa na shida.

Pia jinsi noki inavyoshika. Chomeka mshale kwenye ugwe uache unaning'inia kichwa chini, ubaki. Gonga ugwe kwa kidole, uanguke. Usipobaki imelegea, usipoanguka imebana, na zote mbili zinatawanya mishale.

Uti wa kaboni ushike ncha mbili uukunje taratibu karibu na sikio, uso geuza pembeni, zungusha ukunje tena. Ukisikia kitu kama karanga zinavunjwa, au ukipitisha kidole ukahisi unyuzi umesimama, huo uvunje mwenyewe usije ukamshawishi mtu. Kaboni ikivunjika wakati wa kuachia inaingia kwenye mkono kama sindano nyingi. Fanya kila baada ya mshale kugongana na mwenzake au kugonga kitu kigumu. Alumini yenyewe inapinda tu, unaiona ukiizungusha. Mbao inapinda hata ikiwa imelala, unyevu unatosha, inyooshe kwa joto la mkono au mvuke.

Upinde unapiga kelele na kutetemeka

Mshale mwepesi mno. Nguvu ambayo mshale haukuichukua inabaki kwenye upinde, ndo hiyo unayoisikia. Kompaundi nyingi zinataka angalau greini 5 kwa kila paundi ya kuvuta, kwahiyo paundi 60 ni greini 300, na hapo ndo sakafu, usishuke. Kwa kuwinda wengi wanakaa 400 mpaka 500, greini 450 ni kama gramu 29. Mshale mzito unaenda polepole kidogo ila unatoka kimya, na mnyama anasikia mlio kabla mshale haujafika, kwahiyo ukimya nao una thamani yake.

Uzito ukae wapi? Mbele kiasi. Pima urefu toka kwenye mfereji wa noki mpaka mwisho wa uti, tuseme inchi 28, nusu yake 14. Mshale ukiwa na kigumba uulaze juu ya kidole upate pale unaposimama sawa, tuseme inchi 17.5 toka kwenye noki. Tofauti ni 3.5, gawanya kwa 28, ni asilimia 12.5. Kati ya 10 na 15 ni pazuri kwa kuwinda. Chini ya hapo kigumba cha makali kinaanza kiburi.

Unapiga mluzi

Makali yenye matundu yanapiga mluzi, hiyo ni kawaida yake, ila ukisikia mluzi mpya kwenye mshale uliokuwa kimya kuna wembe umelegea. Kaza, au badilisha.

Unagonga panapotakiwa ila hauingii

Watu wanakimbilia kuongeza paundi. Mimi naangalia mambo mawili kwanza. La kwanza ni lile la mkia, mshale unaofika umekaa upande unapiga kwa ubavu, nguvu yote inaishia kwenye kupinda uti badala ya kusukuma kigumba. Angalia kwenye shabaha ya povu, uti usimame unakutazama wewe uliyepiga, ukikuta umelalia upande mmoja kila mara basi rudi kwenye karatasi.

La pili ni wembe. Kigumba ulichofanyia mazoezi wiki nzima kwenye povu sio kigumba tena, povu linakula makali haraka. Tenga kimoja cha mazoezi, vingine viwe vipya au vimenolewa. Nyoosha rababendi, pitisha wembe juu yake bila kukandamiza, kwa uzito wake tu. Ikikatika papo hapo ufunge. Ikikwama ikateleza kwanza ndo ikatike, rudi kwenye jiwe la kunolea, maana mshale hauui kwa kugonga kama risasi, unaua kwa kukata, na wembe butu unamuacha mnyama anaondoka na jeraha.

Jana ilikuwa sawa, leo porini imehama

Mikono ya koti. Ugwe unasugua nguo nene kwenye mkono wa mbele, mshale unaenda kushoto, unalaumu upinde. Piga mazoezi ukiwa umevaa utakavyovaa siku hiyo, na ukiwa umekaa kama unawindia ukiwa umekaa. Kama sio nguo, angalia ile sehemu ya kuchomekea kwenye ugwe, uzi wake unateleza taratibu bila kukuaga, chora alama ndogo ya kalamu juu na chini yake siku upinde uko sawa, ukiona imeiacha alama umeshapata jibu bila kufungua skrubu hata moja.